Kijani chenye Majivu

Carimo alikuwa fundi wa kupaka rangi aliyekataa rangi moja. Ukimtaka akupakie nyumba rangi nyeupe, atafika na ndoo zake kabla hujamaliza chai ya asubuhi. Ukitaka rangi ya maziwa, waridi, buluu, hata ile nyekundu ya udongo inayopendwa na wenye maduka pale sokoni Mocímboa da Praia, hana neno. Lakini tamka kijani, na fundi ataanza kukohoa. Mara kijani hakishiki kwenye chokaa, mara kinapauka upesi, mara mgongo unamsumbua wiki hii. Watu wa mtaa walishamzoea, wakawa wanamtania kwamba Mestre Carimo hata mchicha anaula amefumba macho. Yeye alicheka pamoja nao, na kwa kuwa alicheka, hakuna aliyejisumbua kumuuliza zaidi.

Tusizunguke: Carimo alikuwa mwoga. Silisemi hilo kumtukana. Mji mzima ulirudi kutoka ukimbizini na woga wake, kila mtu na wa kwake. Kuna mzee hapa mtaani halali mpaka viatu viwe miguuni, na kuna mama ambaye pikipiki ikipiga kelele barabarani huacha chungu kikiungua na kukimbilia watoto. Hao wote waliogopa watu wa msituni wasije wakarudi, na nani atawalaumu? Woga wa Carimo ulikuwa umekaa upande mwingine. Yeye aliwaogopa watu wa mjini, hawahawa majirani waliomsalimia na kumkaribisha uji. Aliogopa kwamba siku moja mmoja wao atamtazama mara mbili, kisha aseme, wewe si ndiye?

Ndiye nani? Mwaka ule mji ulipokuwa mikononi mwa mashababi, hao watu wa msituni, walimkamata Carimo kwenye shamba la muhogo. Wakamuuliza kazi yake. Uongo haukumjia upesi, akasema yeye ni fundi rangi, na jibu hilo likamponya. Walimpeleka kijiji kimoja ng'ambo ya Awasse, kwenye nyumba ya tajiri aliyekimbia, wakamwonyesha chumba kikubwa ambacho zamani wauguzi walikitumia kupimia watoto. Ukutani kulichorwa mama akinyonyesha na mtoto akiwa kwenye mzani. Picha za watu hawakuzitaka. Alipewa siku tatu azifute, na vifaa vya kuokoteza: chokaa nusu gunia na unga wa kijani wa kopo moja. Havikutosha. Akakwangua masizi jikoni, akachota udongo wa manjano nyuma ya choo, akachanganya vyote pamoja. Ikatoka rangi ambayo hakuwahi kuipika kabla ya hapo, kijani kilichotulia, kimeingiwa na majivu, kama jani la mpera upande wake wa chini.

Siku ya tatu, wakati anaosha brashi uani, aliona wanawake wanaingizwa kwenye kile chumba. Hakuwahesabu. Alitazama ndoo yake. Alimsikia mmoja akikohoa, kisha akasikia komeo la nje likisukumwa. Siku ileile kijana mmoja kati ya mashababi, ambaye utotoni alikuwa jirani yake, alisema huyu mzee mwacheni aende zake, naye akaenda. Alitembea siku nne porini mpaka akatokea karibu na Mute, kwenye kizuizi cha wanajeshi ambapo kila aliyetoka msituni aliulizwa maswali. Umetoka wapi? Kuna watu umewaona huko? Aliyemtangulia foleni alijibu kwamba amewaona, akapelekwa pembeni chini ya turubai, na Carimo hakumwona akitoka. Zamu yake ilipofika alisema sikuona mtu. Wakampa maji na biskuti, wakampitisha.

Basi ni hilo. Maneno mawili, sikuona mtu, na kwa miaka yote iliyofuata aliishi akiogopa yatajulikana. Si kwamba alipaka ukuta, maana wengi walilazimishwa makubwa kuliko hayo, bali kwamba alitoka salama, akaulizwa wazi, akawaacha wale wanawake kule ndani. Hata Awa, mkewe aliyeishi naye miaka ishirini na mbili, hakuwahi kuambiwa.

Jumatatu moja baada ya sala ya alasiri, Chamima alipiga hodi uani kwao. Chamima alikuwa mshona nguo, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mkimya, aliyekuwa amerejea miezi michache nyuma kutoka kambi za deslocados, waliokimbia vita, kule kusini na kujijengea chumba na sebule kwa matofali. Carimo alimjua kwa kumwona njiani tu. Alikaa mkekani na Awa, wakaulizana hali, kisha akafungua pindo la kapulana yake na kutoa kipande cha lipu ya ukutani, kikubwa kama kiganja. Akakiweka juu ya mkeka na kusema anataka sebule yake ipakwe hivi.

Awa alikigeuza geuza, akakisifu. Alisema hiyo ndiyo ile wanaiita verde seco, kijani kikavu, vijana wa ferragem, duka la vifaa vya ujenzi, wanaionyesha kwenye simu, majumba ya wakubwa siku hizi yamepakwa hivyo. Wala si kijani cha kupiga kelele, alisema, ni kijani cha mtu mzima.

Carimo hakusikia hata nusu ya maneno hayo. Chembe za manjano kwenye kile kipande alizijua moja moja. Akajifanya anatafuta kiti. Kisha akauliza, kwa sauti aliyoitaka iwe ya mtu asiyejali, kipande hicho kimetoka wapi. Chamima alijibu kwamba amekibandua mwenyewe, ng'ambo ya Awasse. Barabara ilipofunguka alipanda lori la muhogo akaenda, akarudi siku ileile. Nyumba ya nani? Ya watu, alisema, na akakifunga tena kwenye pindo.

Hapo Carimo alikohoa. Alieleza habari za kijani na chokaa, akaeleza habari za mgongo, akasema pia kwamba tinta ya namna hiyo haipatikani mpaka Pemba. Chamima alimwacha amalize, kisha akasema vifaa vyote amekwisha kuvikusanya: chokaa, unga wa kijani, masizi na udongo wa manjano. Alivitaja hivyo vinne kwa utaratibu, bila kukosea hata kimoja. Awa, ambaye alikuwa amechoshwa na vikohozi vya mumewe, alisema, "Atakuja kesho asubuhi, mwenzangu. Ukimsikiliza huyu, mji mzima utabaki mweupe."

Akaenda. Angefanyaje? Asingekwenda, Awa angetaka kujua kwa nini, na hiyo kwa nini ndiyo aliyokuwa akiikimbia. Njiani alipanga hila, na ilikuwa hila ya kitoto. Ataikosea ile rangi. Ataiharibu kwa makusudi mpaka mwenye nyumba akate tamaa na kuchukua rangi ya maziwa kama watu wengine.

Nyumba ya Chamima ilinukia mbao mpya. Sebule ilikuwa na dirisha moja, cherehani pembeni iliyofunikwa shuka, na mlango mzito wa mbao ambao, Carimo aliona mara moja, ulikuwa na komeo upande wa ndani peke yake. Vifaa vilipangwa kando ya ukuta. Chamima alimweleza kwamba Ijumaa kutasomwa hitima hapa, kuwasomea wenzake wanne waliokufa na ambao makaburi yao hayajulikani. Desturi ni desturi, nyumba haisomewi hitima ikiwa na ukuta mchafu, kwa hiyo lazima ipakwe kabla. Carimo alikubali kwa kichwa. Angenyamaza hapo ingemfaa zaidi, lakini woga nao una udadisi wake, akamuuliza kwa nini lazima iwe rangi hii.

"Nimekaa ndani ya rangi hii wiki kumi na moja, fundi," Chamima alisema. "Mlango umefungwa kwa nje. Kule hakukuwa na kingine cha kutazama, nikautazama ukuta mpaka nikajua umechanganywa na nini. Sasa nataka niitazame mlango ukiwa wazi, na wa kuufungua na kuufunga niwe mimi."

Alisema hivyo akakaa kwenye cherehani yake, akaanza kushona kama vile hakusema kitu. Carimo aliinamia ndoo. Chokaa ikamwagika kwenye vidole vyake vya miguu. Kwa hiyo alikuwa mmoja wao. Labda ndiye aliyekohoa. Alitaka kukimbia, na mlango kweli ulikuwa wazi, lakini mtu mzima hakimbii kutoka nyumba ya mwanamke mchana kweupe, mtaa mzima ukimtazama, bila kutoa maelezo.

Akaanza hila yake. Mchanganyiko wa kwanza aliujaza udongo, ukatoka kama ndizi iliyooza. Chamima alitazama, akasema bado. Wa pili ulizidi unga wa kijani, ukang'aa kama bendera. Bado, fundi. Wa tatu aliukandamiza kwa masizi, na safari hii alijidanganya kwamba mteja atakata tamaa. Mwanamke hakukasirika, hakunung'unika, alikata uzi kwa meno akasema bado, nina siku nzima. Sauti ile ya upole ndiyo iliyomtisha zaidi. Mtu asiyejua anachokitafuta huchoka, na huyu hakuwa na dalili ya kuchoka.

Sasa nisikilizeni, wenye kazi za mikono mtanielewa. Fundi anaweza kudanganya kwa mdomo kuanzia asubuhi hadi jioni, lakini kuharibu kazi mara nne mfululizo ni mateso. Ndoo ya nne Carimo aliisahau hila yake. Chokaa kwanza, kisha kijani kidogo, kisha udongo uliochujwa kwa kitambaa, na masizi mwisho, kwa ncha ya kijiko. Mkono ulikuwa unajua njia. Rangi ilipozunguka kwenye ndoo, aliinuka, akauvuta mlango, akachutama nyuma yake, akachovya vidole vitatu na kuvuta mistari mitatu ukutani karibu na sakafu: wa kwanza kwa rangi yenyewe, wa pili ameongeza maji, wa tatu maji zaidi. Hivyo ndivyo alivyofundishwa ujanani. Rangi ya chokaa ikiwa mbichi huonekana nzito, ikikauka hupauka, na huwezi kuijua mpaka uijaribu. Basi huijaribia mahali ambapo mgeni hatazami, kisha mkono wa mwisho wa rangi unafunika.

Cherehani ilinyamaza. Chamima alikuja, akapita nyuma ya mlango, akaketi chini sakafuni, mgongo kwenye kona, magoti kifuani. Alikaa pale haraka, bila kupapasa, kama mtu anayekaa mahali pake. Akanyoosha mkono akaweka vidole vyake vitatu karibu na ile mistari, bila kuigusa.

"Ile nayo ilikuwa mitatu," alisema. "Ilikuwa karibu na kichwa changu. Nilikuwa nikilala nimeweka vidole hapo."

Carimo alibaki amechutama. Maneno ya Chamima yalimfikia kwa vipande. Kwamba mwezi uliopita alikwenda kumpima gauni Zuleica, jirani wa akina Carimo, na nyuma ya mlango wa Zuleica akaiona mistari mitatu ya rangi ya maziwa. Kwamba aliuliza nani aliipaka nyumba hiyo. Carimo alikumbuka: ilikuwa mkesha wa Idi, Zuleica anamharakisha, akasahau kuifunika. Na kule ng'ambo ya Awasse pia aliharakishwa. Maisha yake yote mara mbili tu ndipo alipoiacha wazi.

Akaanza kusema kwamba alilazimishwa, kwamba walikuwa na mapanga, kwamba yeye pia ni mtu mwenye mke. Chamima alimkatiza kwa mkono.

"Hilo tunalijua. Kama ningetaka kukushitaki ningeshakushitaki. Nina swali moja tu, fundi. Wewe ulitoka. Ulipofika kwa watu, ulimwambia mtu yeyote kwamba tuko kule?"

Hapa ndipo uongo, ambao siku ya kukamatwa ulichelewa, ulimjia upesi na ukiwa umekamilika. Niliwaambia, mama, hawakuamini. Niliwaambia, wakasema ni mbali. Nani angeupinga? Aliyekuwepo kwenye kile kizuizi hajulikani hata jina. Carimo angeondoka pale akiwa mtu mwema, pengine angeliliwa na kushukuriwa, na kitu alichokiogopa kwa miaka yote hiyo kingekufa siku ile. Maneno yalikuwa ulimini tayari. Alimtazama yule mwanamke aliyejikunja kwenye kona, akaona bado amenyoosha vidole.

"Hapana," alisema. "Waliniuliza. Nikasema sikuona mtu."

Chamima aliutazama ule mstari wa tatu, uliokuwa mwepesi, mpaka ukaanza kukauka kingo. Hatimaye akasema kwamba Ijumaa wenzake watakuja, sita, yeye wa saba. Walioingia kule walikuwa kumi na mmoja. Yeye hatawaambia chochote. Carimo akija, atawaambia mwenyewe. Asipokuja, watasoma dua yao ndani ya rangi nzuri, watarudi makwao bila kujua, na hakuna atakayemfuata. Kisha akashika ukingo wa mlango, akainuka, akautazama ule mstari uliokauka.

"Rangi ni hii hii," alisema. "Paka."

Alipaka mkono wa kwanza jioni ileile, na Jumatano akafunga mzigo. Alimwambia Awa amepata kazi Palma, ya wiki mbili, pengine mwezi. Awa alimuuliza kazi gani hiyo ambayo haikuwepo jana, naye akasema kazi ya rangi, na Awa akamtazama kwa jicho la mke aliyekwisha kuhesabu vikohozi vyote. Carimo akabeba mzigo hadi mahali ambapo magari ya Palma hupakia. Kulikuwa na nafasi. Dereva alimwambia apande, watafika kabla ya adhuhuri, ila njiani kuna kizuizi, awe na kitambulisho mkononi maana wanauliza unatoka wapi na unakwenda kufanya nini.

Carimo aliuweka mguu kwenye ngazi ya gari, akauondoa. Alijiona amesimama tena mbele ya mtu mwenye daftari, anaulizwa anatoka wapi, anatafuta jibu la kumpitisha. Alimwambia dereva amesahau kitu, akarudi nyumbani na mzigo wake. Msimsifu. Hakurudi kwa ushujaa. Alikuwa amesimama kati ya vitisho viwili, akakimbia kile kilichokuwa karibu zaidi.

Alhamisi alikwenda kupiga mkono wa pili, kwa sababu chokaa haingoji, ukiichelewesha itaachia unga kwenye nguo za watu. Chamima alimwachia nyumba akaenda sokoni kutafuta mchele wa hitima. Carimo alipaka peke yake, mlango wazi, upepo ukikausha nyuma yake kadiri alivyosonga. Rangi iliingia nzito kama matope ya mikoko, kisha kipande kwa kipande ikatulia, ikafunguka, ikawa ule ukijani mpole wenye majivu. Mwanga wa dirisha ukikaa juu yake haukuumiza jicho. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya, na kila alipoitazama aligeuza uso. Kule alikuwa na siku tatu na panga nyuma yake, na bado aliipika kwa uangalifu, akachuja udongo kwa kitambaa cha shati lake mwenyewe. Kwa ajili ya nani? Hakujua. Mikono yake iliona haya kufanya vibaya, na mdomo wake, siku nne baadaye, haukuona haya.

Ijumaa baada ya sala alivaa kanzu. Awa alimuuliza kama anakwenda hitima ya Chamima, akasema ndiyo, na Awa akafurahi kwamba kazi ya mumewe itaonekana na watu. Carimo alitaka kumwambia pale pale mlangoni. Badala yake alimwambia atamweleza jambo akirudi.

Wanawake walikuja mmoja mmoja. Wawili walishuka pikipiki kutoka upande wa Awasse, mmoja alisafiri kutoka bara, juu Mueda, amevaa rozari shingoni. Huyo aliitwa Palmira. Kila mmoja alifika kizingitini, akatazama ndani, akasimama. Hakuna aliyeambiwa habari za rangi, na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mmoja aligoma kuingia, akasema anataka kurudi nyumbani. Chamima alimshika mkono, akamvusha kizingiti tu, akamshikisha komeo, akamwambia fungua wewe, funga wewe, fungua tena. Yule mwanamke akafunga. Akafungua. Akafunga na kufungua mara nyingi hivi kwamba wapita njia waligeuza shingo, kisha akakaa papo hapo mlangoni, akiwa bado amelishika.

Carimo alikuwa amesimama nje chini ya dirisha, penye viatu. Alijiambia wakianza kusoma ataondoka polepole, hakuna atakayemwona. Chamima alitokeza, akamwita kwa jina. Alipoingia, nyuso saba zilimgeukia, na mwanamume mwingine hakuwepo. Chamima alisema huyu ndiye fundi aliyepaka, kile chumba na hiki. Kisha akakaa, akanyamaza, kama alivyoahidi.

Carimo alijiandaa kupigwa. Alikwisha kujiona mara nyingi, usiku na mchana, akiwa katikati ya watu wanaopiga mayowe, anakokotwa kupelekwa kwa wakubwa. Kwa hilo alikuwa na miaka ya mazoezi. Asichojiandalia ni Palmira kuinuka, kuja mpaka alipo, na kumshika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili.

"Baba, kumbe ulitoka salama," Palmira alisema, na macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Dada yangu Verónica alikuwa anakuombea kila siku. Alikuwa anatuambia, aliyepaka ukuta huu ana mkono wa huruma, huyu si wao, huyu naye wamemfunga mahali. Mwombeeni atoke. Akitoka yeye, atasema tuko hapa."

Wengine waliitikia kwa vichwa. Ndiyo, walimwombea, Waislamu na Wakristo, kila mmoja kwa dua yake. Mwanamke wa komeo alisema hata yeye. Carimo aliwatazama, akaelewa kwamba woga wote aliowahi kuubeba, wa panga, wa kizuizi, wa majirani, ulikuwa mdogo. Wangempiga angevumilia. Alijaribu kuutoa mkono wake, Palmira hakuuachia. Bado alikuwa na nafasi. Angeinamisha kichwa, aseme asanteni, akae nao, ale wali. Chamima hakumtazama, alikuwa anatazama ukuta.

"Nilitoka," Carimo alisema. Sauti ilikuwa nyembamba, akairudia. "Nilitoka, nikafika Mute. Wakaniuliza kama nimeona watu. Niliwaona mnaingia, mama. Nikasema sikuona mtu."

Palmira hakuelewa mara moja, au hakutaka kuelewa. Aliuliza, kwa sauti ileile ya upole, hiyo ilikuwa siku gani.

"Siku ya nne. Tangu mlipoingizwa, siku ya nne."

Wanawake walitazamana. Hesabu ile kila mmoja aliijua kichwani, hawakuhitaji karatasi. Muanaissa alikufa wiki ya tatu, kwa homa. Atija wiki ya tano. Sifa alimfuata Atija baada ya siku mbili. Verónica aliyekuwa akikohoa tangu siku ya kwanza alijikaza mpaka wiki ya tisa.

"Siku ya nne," Palmira alisema, "tulikuwa hai wote."

Akauachia mkono. Hakuusukuma, aliuweka chini tu, kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake, akarudi mahali pake na kukaa. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa mtandio. Carimo alisimama katikati ya sebule, mikono imening'inia, akingoja mtu amfukuze. Alitamani kufukuzwa. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake na alihisi upepo wa nje kisogoni, akageuka nusu.

"Kaa, fundi," Chamima alisema. "Tunaanza majina ya marehemu."

Akakaa sakafuni. Palmira ndiye aliyeanza. Alitaja jina la dada yake, akamtazama Carimo, na hakuendelea na jingine mpaka Carimo alipolirudia.